Mkono wa Chuma Gando

Gando, Wete
14 Januari 2025

Kwa mpwa wangu Rahila,

Kabla sijakusalimu, kaa kitako. Anayekuandikia si yule mjomba Matano uliyemwacha bandarini Wete akikupungia mkono huku kanzu imeshikwa na upepo. Huyo amekwisha. Anayekuandikia sasa ni Mkuu wa Mitambo, Viwanda na Mambo Yote ya Chuma, Pemba ya Kaskazini, na wapo wanaosema na ya Kusini pia, ila miye sipendi kujisifu. Juzi nimepita sokoni Wete, watu wameacha kupima samaki. Muuza ndizi akasimama. Nikamwambia, "Kaa, kaa, miye mtu tu kama weye."

Baada ya hayo, salamu. Sisi wazima, alhamdulillah. Mama yako goti linamsumbua, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Mkaza mjomba wako Bi Tatu anakusalimu. Yule kuku wetu mwekundu ameatamia mayai ya bata bila kujua, na hakuna aliye tayari kumwambia. Barua hii anayo Ishak, ambaye bado anakuja huko Dar kuchukua bidhaa za duka lake. Simu sikupigii kwa sababu simu ni ya kuulizana bei ya pweza. Mambo ya vyeo huandikwa.

Sasa la mashine ya halua uliyotutafutia. Imefika! Imeshuka melini imefunikwa turubai kama bibi harusi. Watu wanne wameibeba, na wa tano nilikuwa miye, nikiwaelekeza. Sufuria lake mtoto anaweza kuogea. Mkono wake wa kukorogea ni wa chuma kitupu, mota iko ubavuni, na juu kuna kisanduku cha swichi chenye vitaa viwili. Kikundi cha halua cha Bi Tatu kizima kilikuja kuishangaa. Tumeipokea kwa heshima zote: dua imesomwa, ubani umefukizwa, marashi yamemiminwa. Hapajapata kupokewa mgeni hivyo Gando.

Unauliza inafanyaje kazi. Usiwe na haraka, mwanangu. Imetoka mbali. Imepumzika.

Na usiwe na wasiwasi juu ya mikono iliyoipokea. Ile harusi ya Msuka watu wanaikumbuka hadi leo: mwiko ulinikatikia katikati ya halua, nikamwambia mvuvi mmoja, "Lete kasia." Nikaikoroga kwa kasia. Halua ile ilishika hivi kwamba tulipoliondoa sufuria, ilibaki imesimama peke yake, bwana harusi akaisalimu akidhani ni mkwewe.

Mjomba wako,
Matano, Mkuu wa Mitambo (na kadhalika)


Dar es Salaam
29 Januari 2025

Shikamoo mjomba,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Ishak, pamoja na mfuko wa mbaazi. Mwambie mama mbaazi zimepikwa siku ileile. Mimi mzima, kazi nyingi. Karakana yetu sasa inaunda mashine ya kukausha dagaa na nyingine ya kusaga pilipili, na mimi ndiye ninayezijaribu, kwa hiyo wiki hii nzima nimelia bila kufiwa.

Mjomba, umeandika kurasa mbili na jibu moja tu nililolitaka halimo. Nimekupigia simu pia. Nikiuliza hali ya mama, tunasikilizana vizuri. Nikitaja mashine, mtandao unakatika. Nikisema nataka kukutumia kanzu, mtandao unarudi.

Kwa hiyo nakuandikia, uweke barua hii mahali pa kuiona. Ile mashine hatujapewa. Iko kwa majaribio. Mwezi wa nne msimamizi wangu, Bi Laila, atakuja Gando mwenyewe. Akiikuta inapika, itabaki hapo moja kwa moja, mali ya kikundi. Akiikuta imekaa, itapakiwa garini siku hiyohiyo kwenda Msuka, ambako akina mama waliiomba kabla yetu. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya wakubwa nikasema, "Wapeni Gando, ni kwetu, nawajua."

Unajua kwa nini nilisema vile. Nataka mama na mkaza mjomba wapike halua siku wanayotaka wao, si siku ambayo wewe, mkorogaji wao, huna safari. Wiki ile ulipokwenda Gombani kuangalia mpira, wanga ulichacha ndooni, kikundi kizima kimekaa mlangoni kinakungojea. Ukarudi huna sauti, ukasema mkono umechoka kwa kupiga makofi.

Inazunguka au haizunguki?

Mpwa wako,
Rahila


Gando
18 Februari 2025

Kwa Rahila, mtoto wa dada yangu, mwenye maswali kama polisi,

Tunaendelea vyema. Mvua imenyesha mara moja ikajuta. Mama yako amegombana na jirani kwa ajili ya mbuzi, wamepatana, sasa wanagombana kwa ajili ya kupatana. Kuku bado ameatamia.

Mashine inafanya kazi! Inafanya kazi vizuri mno, hata imebidi tufunge mlango na dirisha inapokoroga, kwa sababu ya husuda. Watu wa kila namna wanapita. Bi Tatu anakaa nje kupokea wanunuzi, miye naingia ndani peke yangu na mashine yangu, na baada ya muda halua inatoka. Huo ndio utaalamu. Kazi ya mitambo haitaki watazamaji.

Miye siku hizi nalala nikimaliza tu kula. Si kwamba nimechoka, kwani mashine ndiyo inayofanya kazi. Miye naisimamia, lakini kusimamia nako kunatoa jasho. Kila jioni Bi Tatu ananichua bega kwa mafuta ya karafuu. Daktari angesema ni kubonyeza swichi kwingi.

Kwa kuwa huna imani na mjomba wako, nimemwambia Rajab, yule kijana wa pikipiki, akurekodie sauti ya mashine kwa simu yake, akutumie. Isikilize kwa heshima. Na huyu Ishak amebeba kopo la halua, ya mashine, mpe na huyo Bi Laila wako.

Mjomba wako,
Matano, Mkuu wa Mitambo


Dar es Salaam
26 Februari 2025

Shikamoo mjomba, na Ramadhani njema inayokuja.

Halua imefika, tamu. Sauti nayo imefika. Nimeisikiliza, na ofisi nzima imeisikiliza.

Mjomba, mashine yetu ni ya umeme. Haina gia ya pili. Haina honi. Na mwisho kabisa, kabla haijazima, mashine yako inasema, "Panda mama, twende Wete."

Nini kimeipata mashine?

Rahila


Gando
16 Machi 2025
Mwezi Mtukufu

Kwa mpwa wangu,

Ramadhani inakwenda vizuri. Mama yako anafunga na goti lake vilevile. Nakuandikia nimefunga, kwa hiyo leo siwezi kusema uongo. Ningengoja baada ya futari, lakini baada ya futari nitakuwa nimeshiba.

Kuna jambo dogo.

Nikuulize kwanza. Mgeni wa heshima akija kwetu, baada ya ubani anafanyiwa nini? Anarashiwa marashi. Wapi? Mikononi na kichwani. Mashine ina mkono mmoja, nikaurashia. Kichwa nikakitafuta. Kile kisanduku chenye vitaa viwili kilikuwa juu kabisa, kinatutazama. Weye ungesema ni nini kile? Kikundi kizima kilikuwapo, hakuna hata mmoja aliyesema, "Matano, hicho si kichwa." Mrashi ukatoa matone matatu manne, nikaona huu ni ubahili mbele za watu, nikafungua kifuniko nikamimina.

Ikapiga chafya moja. Cheche ikatoka, ya kijani. Shehe alikuwa katikati ya dua, akaruka maneno yote yaliyobaki akasema amin.

Tangu hapo imenyamaza. Ila inanukia! Wapo wanaokuja kuinusa tu.

Sasa fikiria hali yangu. Mji mzima nimeshautangazia kwamba miye ni Mkuu wa Mitambo. Ningetoka nikaseme nini? Nikafunga mlango, nikatoa mwiko wangu wa zamani, nikakoroga mwenyewe. Bi Tatu anajua. Mama yako anajua, na ndiye aliyenikatalia asinipikie uji mpaka nikuandikie hili. Wengine wote nimewaambia imepona, wanadhani ni mashine. Na unajua wananiambia nini? Jana Mzee Hamad amenunua makopo mawili ya halua ya futari, akanishika bega, lile linaloniuma, akasema, "Matano yakhe, sasa ndiyo halua hino. Siyo ile yako ya zamani, unapata sukari huku na samli kule." Nimekoroga kwa mkono huu, na nimetukanwa kwa mkono huuhuu! Nikacheka. Ningefanya nini?

Sikwambii haya kwa kuwa nimeshindwa. Nakwambia kwa kuwa Mwezi ni Mtukufu.

Matano


Dar es Salaam
22 Machi 2025

Mjomba shikamoo,

Nimeisoma barua yako chooni, kwa sababu ofisini nisingeweza. Nimecheka mpaka mlinzi akagonga mlango kuuliza kama naumwa. Halafu nikaacha kucheka, maana tumebakiwa na wiki chache.

Ishak anakuletea kisanduku kipya cha swichi. Mota haikuguswa, nina hakika. Muite fundi Hafiz wa Gombani, yule anayetengeneza mafeni, nimeshazungumza naye, atakifunga kwa nusu siku. Wewe usishike hata bisibisi. Na mrashi ufungiwe kabatini, ufunguo akae nao mama.

Bi Laila nimemwambia kweli yote. Amesema atakuja vilevile, Jumamosi ya tarehe 19 mwezi wa nne, na kwamba marashi yanasameheka. Kinachomtia shaka ni kingine. Amesema, "Rahila, mtu akikoroga kwa mkono miezi miwili badala ya kumwita fundi, huyo hajaharibikiwa na mashine. Huyo haitaki." Na kama haitakiwi Gando, bora iende kwa wanaoitaka.

Nilimtetea. Lakini usiku sikulala vizuri, kwa kuwa fundi Hafiz yuko Gombani siku zote, na pikipiki ya Rajab unaijua ilipo.

Basi nakuuliza jambo moja tu, mjomba, na hili halihitaji umeme. Unaitaka?

Rahila


Gando
10 Aprili 2025

Kwa Rahila,

Idd imetukuta salama. Kanzu uliyotuma imenikaa vizuri, watu wawili wameniuliza kama nimerudi kutoka Maskati, nikawajibu kwa Kiarabu kidogo ili nisiwavunje moyo.

Hafiz amekuja, amefunga kisanduku, amekunywa chai, ameondoka. Akasema katika maisha yake amefungua mafeni yenye mende, mafeni yenye mijusi, lakini hajapata kufungua chombo chenye harufu ya harusi.

Mashine inazunguka. Haya, nimesema.

Bi Tatu aliwasha gesi, akatia sukari na maji, akatia wanga, akabonyeza kitufe kwa kidole kimoja. Chuma kikaanza kukoroga. Halafu Rahila, unajua alifanya nini? Akaketi. Miye na mkaza mjomba wako tumezeeka pamoja na sijapata kumwona ameketi halua iko motoni. Akavuta ukili wake, akawa anasuka vile vijikapu vya kufungia halua, huku anazungumza na mama yako habari za watu. Mara moja tu aliinua kichwa akanitazama, nimesimama na mwiko wangu. Akasema, "Kaa basi, Matano. Kukaa hakulipiwi."

Nikatoka nje.

Halua yenyewe siionji. Sina haja. Chombo kisichotoka jasho kitajuaje samli inataka kuingia lini? Hakivuti pumzi, hakinung'uniki, hakimsimulii mtu hadithi. Zamani vijana walikuwa wanajazana jikoni si kwa ajili ya halua, kwa ajili ya maneno yangu! Sasa ndani mnasikika mota tu, vuuu, na wanawake wawili wakicheka.

Lakini mambo hayajesha. Watu wazima wa hapa wamekaa wakasema: mgeni akija siku hiyo, zipikwe halua mbili, moja ya mashine na moja ya mkono, na Matano aonje bila kuambiwa ipi ni ipi. Kwa kuwa hapa Gando hakuna ulimi wa halua kama wangu. Nikisema ya mashine ni halua, mashine ibaki. Nikisema si halua, ipakiwe iende Msuka. Mzee Hamad kasema mbele ya kila mtu, "Neno la Matano litatosha." Na Bi Laila wako, alipoambiwa kwa simu, kakubali. Mama yako amepiga kelele kwamba huku ni kumpa paka kulinda samaki, hakusikilizwa.

Kwa hiyo sasa umeona mjomba wako ni nani. Neno moja tu, likitoka hapa, mtambo mzima unapanda gari.

Umeniuliza swali mwezi uliopita. Hali ya hewa ya huku ni nzuri. Kuku naye aliangua zamani, bata saba. Kutwa wako majini, yeye yuko ukingoni anawapigia makelele.

Matano


Dar es Salaam
24 Aprili 2025

Mjomba shikamoo,

Bi Laila amerudi. Kaingia ofisini, kaniona, kacheka, kaketi, kacheka tena. Nikamuuliza, "Imekuwaje?" Akasema, "Mashine imebaki Gando. Mengine muulize mjomba wako." Nikampigia mama. Mama akasema, "Hallo," halafu akaangua kicheko na simu ikaanguka. Nikampigia mkaza mjomba. Yeye hakucheka, akasema tu, "Mjomba wako mtu mzima, mwache akuandikie mwenyewe."

Nilikaa kitandani nikalia kidogo kwa furaha, nikikumbuka mama anachochea kuni huku moshi umemjaa machoni. Lakini mjomba, ile barua yako ya mwisho niliisoma nikajua mashine imeshakwenda Msuka. Nilikuwa nimeanza kutafuta maneno ya kuwaambia wakubwa. Neno lilikuwa lako. Ulisema nini?

Rahila


Gando
9 Mei 2025

Kwa mpwa wangu Rahila,

Mama yako goti limepata nafuu, anasema ni kwa sababu hasimami tena jikoni. Bi Tatu anakusalimu sana. Nimechelewa kukujibu kwa kuwa wino ulikwisha, kisha ukapatikana, kisha nikaenda kuangalia bata.

Ilikuwa hivi. Jumamosi ile watu walijaa ukumbini kwetu. Bi Laila kakaa juu ya kiti, watu wazima juu ya mikeka. Ya mkono nilikuwa nimeipika miye asubuhi, kwa nguvu zangu zote, na bega langu lote. Ya mashine kaipika Bi Tatu huku anasuka ukili. Zikaletwa sahani mbili, moja ya maua mekundu, moja ya maua ya kijani. Nikawasimulia kwanza ya Msuka na kasia, ili mgeni ajue anazungumza na nani.

Nikaonja ya maua ya kijani. Nikafunga macho. "Hii!" nikasema. "Hii ndiyo! Samli imeingia kwa wakati wake, iliki haijaungua, inavutika, inateleza. Mashine haiwezi kitu hiki. Humu ndani mna jasho la mwanamume!"

Bi Laila akaacha kutafuna.

Nikaonja ya maua mekundu, nikaitema kidogo pembeni, kwa adabu. "Na hii," nikasema, "imepikwa na chuma. Ladha ya chuma naisikia mpaka kwenye jino. Ina madonge. Imekorogwa na kitu kisicho na subira. Pakieni hiyo mashine."

Mama yako akajifunika mdomo kwa ushungi, mabega yanamtikisika. Bi Tatu akaja taratibu, akainama, akasema, tena kwa upole, hilo ndilo lililoniuma, "Mume wangu, hiyo unayoikumbatia ni ya mashine. Hiyo yenye madonge umekoroga weye."

Mzee Hamad akapiga goti lake. "Basi Matano keshasema! Ya mashine ndiyo halua. Neno lake limetosha."

Hivyo ndivyo mtambo ulivyobaki Gando.

Sasa hapa mjini mwenyewe nimeeleza, na naendelea kuwaeleza wanaotaka kusikia, kwamba nilijua tangu harufu. Nilifanya makusudi. Mtu mkubwa hujishusha mbele za watu ili dada yake na mkewe wapate kupumzika, na bila miye kujitoa vile mashine ingekuwa Msuka saa hizi. Wapo wanaosadiki. Mmoja yupo. Rajab anasadiki, lakini Rajab anataka kuoa katika ukoo wetu.

Bi Tatu amenipa kazi mpya: miye ndiye ninayekaa na wanunuzi barazani halua ikiwa motoni, nawasimulia mpaka iive. Wanakuja wengi. Bega haliumi. Basi jibu la swali lako lile la mwezi wa tatu, kama naitaka, unaweza kulitoa humo mwenyewe.

Lakini weye ni mtoto wa dada yangu, na mbele ya wakubwa zako ulinitetea, kwa hiyo weye peke yako nitakwambia, na barua hii uichane. Sikujua. Wallahi sikujua hata kidogo. Na wageni walipoondoka, nikarudi ndani kimya kimya, nikaimaliza ile sahani ya maua ya kijani yote, nikaikomba kwa kidole. Ile yangu iko kabatini mpaka leo, na hata miye mwenyewe nimeshindwa kuila.

Mjomba wako,
Matano